Printa ya Ofisi Nyumbani: Fundi Aje, Isibebwe

Printa ya leza iliyotengenezwa kwa ajili ya ofisi ikiharibika nyumbani, fundi ndiye aifuate. Isipakiwe kwenye gari kupelekwa karakana. Najua karakana ina vifaa vyote, na wapo mafundi wasiopenda kutoka, lakini nashikilia msimamo huu kwa sababu mara nyingi ugonjwa haumo ndani ya printa peke yake. Uko pia pale ilipowekwa.

Chukua karatasi. Rimu ikikaa wazi kwenye chumba chenye unyevu, karatasi huunyonya. Printa ya leza huhamisha tona, yaani unga wake wa wino, kutoka kwenye dramu, silinda inayobeba picha ya ukurasa, hadi kwenye karatasi kwa chaji ya umeme, na karatasi yenye unyevu haishiki chaji hiyo vizuri, kwa hiyo maandishi hutoka yamepauka au yana mabaka. Karatasi hiyohiyo ikipita kwenye fyuza, sehemu inayoyeyusha tona ishike kwenye karatasi na ambayo joto lake hukaribia nyuzi 200 za Selsiasi, unyevu hutoka ghafla, karatasi inajikunja na kukwama. Mwenye nyumba analaumu katriji, kasha la tona. Au chukua umeme. Fyuza inapopata moto huvuta umeme mwingi kwa mpigo, na printa iliyochomekwa kwenye ekstensheni nyembamba pamoja na vitu vingine inaweza kujizima ilhali yenyewe ni nzima. Ikifika karakana, ikachomekwa ukutani na kuwekewa rimu mpya, inachapa vizuri tu. Fundi anairudisha akisema haina kasoro, na anasema kweli. Kesho yake mambo ni yaleyale.

Safari yenyewe nayo inaumiza. Nyingi ya printa hizi ni nzito, nyingine zinapita kilo 20, na zikiinamishwa kwenye ngazi huku katriji imo ndani, tona inaweza kumwagika na kuchafua rola na njia yote ya karatasi.

Fundi ninayemwamini haanzi na bisibisi. Anaanza kwa kuomba kurasa zilizoharibika, kwa hiyo usizitupe. Kama kuna doa linalojirudia kutoka juu hadi chini ya ukurasa, anachukua rula na kupima umbali kati ya doa na doa. Kitu chochote kinachozunguka ndani ya printa, kikiwa na kasoro, huacha alama kila kinapomaliza mzunguko: dramu yenye kipenyo cha milimita 30 itaacha alama kila baada ya milimita 94 hivi. Rula hiyo moja inaweza kuokoa fyuza nzima isibadilishwe bure.

Kuna kipimo kingine ninachopenda kukitazama. Fundi anaagiza ukurasa uchapwe, kisha anafungua mlango wa printa karatasi ikiwa katikati ya safari. Anaitoa taratibu, anaitazama, halafu anaitazama dramu. Kama picha imebaki kwenye dramu na karatasi ni nyeupe, tatizo ni uhamishaji. Kama tona imeshafika kwenye karatasi na inafutika kwa kidole kabla ya fyuza, hiyo ni kawaida kabisa. Ikifutika hata baada ya fyuza, basi joto au mgandamizo hautoshi. Kama hata dramu haina kitu, arudi nyuma zaidi, kwenye katriji na leza inayochora picha hiyo. Dramu isiachwe wazi kwenye mwanga mkali wakati huo, maana mwanga huiharibu. Na tona ikimwagika, isivutwe kwa mashine ya kawaida ya kufyonza vumbi, kwani unga wake ni laini kiasi cha kupenya chujio na kurudi hewani.

Wengi watasema nunua mpya. Sikubaliani nao, angalau kwa printa za aina hii. Zilibuniwa zifunguliwe. Rola za kuvuta karatasi, rola ya uhamishaji na fyuza huuzwa kama seti ya matengenezo, na kwa baadhi ya modeli seti hiyo hutakiwa baada ya kurasa 200,000 hivi. Nyumba inayochapa kurasa 500 kwa mwezi itahitaji zaidi ya miaka 33 kufika huko. Kinachochoka mapema ni mpira, kwa kuwa wenyewe huzeeka hata usipotumika: rola inakuwa ngumu, inang'aa, ukiipitisha kidole gumba inateleza, na karatasi haivutwi au zinavutwa mbili mbili. Kuitupa mashine nzima yenye chuma na mota imara kwa sababu ya kipande cha mpira ni uharibifu unaoniuma kweli.

Kuhusu malipo, fundi aliyekuja, akapima, na kugundua kwamba kosa ni karatasi au ekstensheni, alipwe kwa ukamilifu hata kama hakubadilisha spea yoyote. Tukilipa spea tu, tunawasukuma mafundi kubadilisha vitu ambavyo havijaharibika. Akibadilisha, mwombe akuachie kile cha zamani, na muandike kwenye karatasi tarehe, jina la kilichobadilishwa na idadi ya kurasa inayosomeka kwenye ukurasa wa taarifa ambao printa yenyewe huuchapa. Ibandike ndani ya mlango wa printa, atakayekuja baadaye aikute.