Norwei walihama petroli kwa kodi, sisi tutaanza na bodaboda

Mnorwei hakununua gari la umeme kwa sababu anapenda hewa safi kuliko wewe. Alinunua kwa sababu la petroli lilibanwa kodi na la umeme likaachwa lipite bure. Naishi Oslo, magari haya nayaona asubuhi mpaka jioni, na kila nikikuta mjadala wa nyumbani unaouliza "Norwei wameweza, Tanzania tunakwama wapi?" huwa naona watu wanalinganisha idadi ya magari wakati cha kulinganisha ni nani anayelipa nini.

Ukitaka idadi, ipo. Mwaka 2024 karibu magari 9 kati ya kila 10 mapya yaliyosajiliwa Norwei yalikuwa ya umeme mtupu, na 2025 ikavuka asilimia 95. Ila hadithi ilianza zamani. Mwaka 1989 mwanamuziki Morten Harket wa bendi ya a-ha, pamoja na Frederic Hauge wa shirika la mazingira la Bellona, walichukua Fiat Panda iliyogeuzwa ya umeme wakawa wanapita nayo vituo vya tozo vya barabarani bila kulipa. Faini zikarundikana, gari likakamatwa likapigwa mnada, wao wenyewe wakalinunua tena na kuendelea na mchezo. Serikali ikaanza kulegeza: kodi ya usajili ikaondolewa tangu 1990, tozo za barabara 1997, na 2001 ikaondoka VAT, ambayo kule ni asilimia 25. Baadaye yakaruhusiwa kupita njia za mabasi. Sasa angalia: sheria hizo zinaanza, gari la umeme la Nissan Leaf lilikuwa halijazaliwa, wala Tesla. Sheria ilikaa zaidi ya miaka kumi ikisubiri gari la maana litengenezwe. Lilipokuja, Mnorwei akapiga hesabu zake, akakuta la umeme linamtoka kwa bei inayokaribiana na la petroli, na umeme wenyewe ni wa maporomoko ya maji. Nani angebaki kwenye petroli?

Serikali iliweza kusamehe kodi zote hizo kwa sababu mfuko wake haukauki. Nchi inachimba mafuta na gesi baharini, inawauzia wengine, halafu raia wake wanaendesha umeme. Simlaumu mtu, biashara ni biashara, lakini ukiambiwa uige Norwei uliza kwanza hiyo kodi iliyosamehewa kwenu itafidiwa na nini. Na tangu 2023 hata wao wameanza kukaza: mwaka huo gari la umeme la zaidi ya kroni 500,000 lilianza kutozwa VAT kwenye kile kinachozidi, na baadaye kikomo hicho kikashushwa.

Msifikiri pia huku ni peponi. Februari, joto likiwa nyuzi kumi chini ya sifuri, waya wa chaja hukakamaa ukauvuta kwa mikono miwili, na masafa yaliyoandikwa kwenye karatasi ya muuzaji hupungua vibaya kwa sababu betri inafanya kazi mbili, kuvuta gari na kukupasha moto wewe. Pasaka ndiyo usiseme, mji mzima unapanda milimani kwa wakati mmoja na chaja za njiani zinakuwa na foleni.

Tuje Dar. Mtu wa kawaida kwetu hanunui gari jipya. Ananunua IST, Vitz au Noah iliyoendeshwa Japani miaka kumi, anaingia kwenye kikokotoo cha kodi cha TRA, mamlaka ya mapato, anashika kichwa, anakopa. Kwa hiyo barabara zetu za leo ni uamuzi wa Mjapani wa muongo uliopita, na Mjapani kwenye umeme mtupu bado anasuasua: katika magari mapya anayonunua, hayo hayafiki hata 3 kati ya 100. Anapenda haibridi, yaani gari la petroli linalosaidiwa na mota ya umeme, ndiyo maana haibridi zimeshatufikia. Yale maelfu ya magari ya Norwei yatakayochakaa hayatusaidii sana, usukani uko kushoto.

Katika mtumba wa umeme wa Japani, kinachopatikana kwa bei inayoshikika ni Leaf za mwanzo, na hapo ndugu yangu fungua macho. Kwenye dashibodi, pembeni ya kipimo cha chaji, kuna vijiti vidogo 12 vinavyoonyesha afya ya betri. Vikipungua ndiyo vimepungua, havirudi. Betri hiyo haina mfumo wa kupozwa kwa maji, na joto ndilo adui yake mkubwa. Wateja wa Arizona walilalamika mapema kabisa, na Dar hatuna cha kuwacheka. Muuzaji akikutumia picha ya dashibodi iliyokatwa pembeni, tafuta muuzaji mwingine.

Halafu kuna kitu ambacho wenzetu wa huku hawakipigii hesabu: gesi. Dereva wa teksi mtandao wa Dar ameshahama petroli, ila hakuhamia umeme. Amefunga mtungi kwenye buti, amepoteza nafasi ya mizigo ya abiria, na anakaa foleni ndefu kujaza, lakini mwisho wa siku kinachobaki mfukoni kimeongezeka. Hakuna aliyemhubiria mazingira. Ndiyo maana sikubali kabisa ile kauli kwamba Mtanzania hapendi mabadiliko. Mpe nauli inayobaki uone.

Mfano wa karibu zaidi na sisi ni Ethiopia. Januari 2024 walitangaza marufuku ya kuingiza magari binafsi ya petroli na dizeli, na sababu yao kubwa ilikuwa dola: mafuta yanakula fedha za kigeni, umeme wa mabwawa wanao wenyewe. Na sisi tumeshamaliza Bwawa la Nyerere, megawati 2,115 pale Rufiji, huku mafuta yote yakiingia kwa meli. Nisingependa tuige marufuku yao, maana gereji na spea hazioti kwa tangazo, lakini hoja ya dola naikubali asilimia mia.

Kwangu mimi mabadiliko ya kwetu hayatapita kwenye gari dogo. Yatapita kwenye bodaboda na bajaji. Luku ya elfu kumi kwa mteja wa kawaida ni uniti kama 28. Tuseme pikipiki ya umeme inakula uniti nne kwa kilomita 100: hiyo ni chini ya shilingi 1,500. Kwa petroli, hata pikipiki ikibana matumizi, umbali huo ni lita mbili na nusu. Kijana anayepeleka hesabu kwa tajiri kila jioni hahitaji semina hapo. Kigali wameshaliona hili. Tangu Januari 2025 pikipiki mpya ya abiria haisajiliwi mjini kama si ya umeme.

Tatizo ni atachaji wapi. Huku Norwei mwenye fleti kwenye ghorofa ana haki kisheria ya kufungiwa chaja, na uongozi wa jengo hauwezi kumkatalia bila sababu ya msingi. Kijana wa Manzese anapanga chumba, mita ya Luku ni moja kwa wapangaji sita wanaochangishana, na mama mwenye nyumba ameshapiga marufuku pasi na jiko la umeme. Aingize betri ya pikipiki ndani ailaze kwenye chaja usiku kucha? Ugomvi wake utafika kwa mjumbe kabla hakujakucha. Ndiyo maana Kigali na Nairobi vituo vya kubadilisha betri vimeshika: dereva anaacha iliyoisha, anachomeka iliyojaa, anaondoka.

Ila vituo hivyo vina mtego wake. Betri ni mali ya kampuni, na betri ya kampuni hii haiingii kwenye pikipiki ya kampuni ile. Dereva aliyekuwa mtumwa wa tajiri mmoja anapata wawili, na wa pili akipandisha bei hana pa kukimbilia, maana sheli ya jirani haimuuzii. Hapa ndipo ningetaka kelele zetu ziende. Kila mkutano wa magari ya umeme naona picha za chaja kubwa za Masaki na Mlimani City. Mimi ningeanza na TBS, shirika la viwango: soketi moja na ukubwa mmoja wa betri kwa kila pikipiki ya umeme inayoingia bandarini, na bei ya kubadilisha ibandikwe kituoni kama EWURA, mamlaka ya nishati na maji, inavyotangaza ya petroli. Kampuni zitanung'unika, na zitakuwa na hoja zao za usalama na hasara ya kubadili mitambo. Zisikilizwe sasa, vituo vikiwa bado vichache, maana vikishafika elfu kila moja itakuwa na betri yake na wakili wake.