Makombe hayahesabiki, vichwa ndivyo vinavyohesabiwa

Habari imeeleza vizuri kwa nini shule kadhaa za Texas zimehamishwa daraja, lakini ninyi mnaolalamika kwenye maoni hapo juu kwamba timu mbovu imepandishwa hadi 6A, daraja la shule kubwa kabisa, mmechanganya na ligi kuu. UIL, chombo kinachosimamia michezo ya shule za umma hapa, kiko chini ya Chuo Kikuu cha Texas kilichopo Austin, wala hakiangalii nani kabeba kombe. Kila baada ya miaka 2 shule hupeleka idadi ya wanafunzi wake, kisha hupangwa kuanzia 1A hadi 6A. Basi. Vijishule vya 1A vyenye wanafunzi wasiofika 105 huruhusiwa kucheza futiboli ya Kimarekani kwa wachezaji 6 badala ya 11 (tafuteni mechi hizo, pointi zinamwagika!).

Tatizo ni kwamba idadi haipimi mfuko. Shule mbili zinaweza kulingana kwa wanafunzi, moja ina uwanja wa mamilioni, nyingine inaungaunga vifaa, na zote zinaitwa 5A. Hilo ndilo la kuwabana nalo UIL.

Kwa wazazi wenzangu tuliotoka Kongo na Burundi: angalieni tarehe ya kuzaliwa iliyoandikwa kwenye karatasi za ukimbizi. Aliyekwisha kutimiza miaka 19 ifikapo Septemba 1, kwa kawaida hachezi. Na ukimhamisha mtoto shule kwa ajili ya mpira, anaweza kukaa nje ya timu kuu ya shule mwaka mzima.