Kimeanzia Kilimia
Saa nne za usiku, Desemba, kaskazi inavuma. Tulikuwa barazani Shela, kisiwani Lamu, umeme umekatika, tunazungumza. Mara ukuta ulio mbele yangu ukawa mweupe, nikakiona kivuli changu kikitembea juu yake. Kugeuka, nikakiona kimondo: kichwa cha kijani, mkia mwekundu kama kaa la moto. Kikapasuka vipande vitatu, kikazimika. Sekunde nne, labda tano, bila sauti yoyote.

"Subhanallah!" Bibi mmoja akaomba kinga, maana tumelelewa tukijua kwamba vimondo ndivyo vinavyowapiga mashetani wanaodukua habari za mbinguni. Mimi mwili ulinisisimka. Sijawahi kuona kitu kizuri kama kile.

Asubuhi bandarini kila mtu alikuwa na lake. Huyu anasema kimeanguka Manda, yule anasema Kipungani. Nilipoulizwa mimi, nilinyoosha mkono tu: "Kule." Nahodha mmoja mzee aliyekuwa akishona tanga akainua uso. "Mwanangu, kimeanzia chini kidogo ya Kilimia, kikashuka kuelekea Suheli. Hakikufika." Kilimia ni kile kishada cha nyota, na Suheli ni nyota moja angavu ya upande wa kusini.

Ule ndio ushahidi. Jiwe la namna ile huingia kwenye hewa kwa kasi ya kilomita 11 hadi 72 kwa sekunde, na huwaka likiwa juu mno, hata mtu wa Lamu na mtu wa Malindi, walio mbali kwa zaidi ya kilomita 100, huweza kuliona lile lile moja. Ila kila mmoja huliona likipita kwenye nyota nyingine. Ukizilinganisha kauli zao, unapata lilikuwa juu kiasi gani na lilikuwa likielekea wapi. Mwaka 2013, kule Chelyabinsk nchini Urusi, wataalamu waliichora njia ya kimondo kwa video, nyingi zikiwa za kamera za magari. Lamu magari ni ya kuhesabu. Tulichonacho ni manahodha, na wanatuondoka mmoja mmoja.

Inaniuma kwamba watoto wetu wanaijua ramani ya simu lakini Kilimia hawaijui. Wafundishwe, shuleni na chuoni, na wazee hao hao, na wafundishwe juu ya dari usiku, si ubaoni. Na hizi taa kali zinazoongezeka ufukweni na kutufichia nyota zifunikwe juu, zimulike chini wanakopita watu.

Nawe uliyekuwa nje usiku ule, Malindi, Mambrui au Kipini: kwako kilipita kwenye nyota zipi?