Aliyekosa alizeti asilaumu zombi

Sikiliza vijana wa Birere au Majengo, mitaa ya hapa Goma, wanaocheza Plants vs. Zombies, mchezo wa kupanda mimea inayozuia zombi wasiingie nyumbani, huku telefone zinachajiwa, utasikia lalamiko lile lile: zombi mwenye ndoo kichwani anaonea watu. Njegere zinamgonga, ndoo inabonyea, na yeye anaendelea tu mpaka mlangoni. Mwingine atasema mchezo wenyewe ni wa watoto, unachekesha lakini hauna akili. Wote wawili wamekosea, na kosa lao ni moja: hawajapiga hesabu.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Uwanja wa mbele ya nyumba una mistari mitano, kila mmoja una miraba tisa. Zombi wa kawaida huvuka mraba mmoja kwa karibu sekunde tano, kwa hiyo mstari mzima unamchukua dakika kasoro. Mtema-njegere, ule mmea wa kijani wa jua 100 (jua ndiyo pesa ya kununulia mimea), hutema njegere moja takriban kila sekunde moja na nusu. Akiwa peke yake atatema kama 30 kabla zombi hajamfikia. Zombi mtupu anakufa kwa njegere 10. Mwenye koni ya barabarani anahitaji 28, yaani mtemaji mmoja anamuweza kwa kubahatisha. Mwenye ndoo anahitaji 65. Hapo hakuna uonevu wowote: umeweka mmea mmoja kwenye kazi ya mitatu, kisha unashangaa.

Na kwa nini uliweka mmoja tu? Kwa sababu hukuwa na jua. Kwa nini hukuwa na jua? Kwa sababu ulianza na watemaji kabla ya alizeti.

Alizeti inagharimu jua 50 na hutoa 25 takriban kila sekunde 24. Ikishatoa mara mbili imerudisha gharama yake, na kuanzia hapo yote ni faida. Safu mbili za nyuma zikijaa alizeti kumi, unapokea jua 250 kila mzunguko, mbali na linalodondoka angani. Mwenye alizeti nne anapokea 100, yaani mtemaji mmoja tu, wakati mawimbi ya zombi yanazidi kunenepa. Kwenye uwanja wenye bwawa mistari ni sita, basi panda kumi na mbili. Chini ya nane hata usinieleze jinsi ulivyoshindwa.

Watu huogopa kupanda alizeti kwa sababu zombi wa kwanza ameshajitokeza na hawana silaha. Dawa yake ni kiazi cha kutegwa, jua 25 tu. Ila kina masharti: kikizikwa kinahitaji kama sekunde 15 ndipo kiwe tayari, na kabla ya hapo kinaliwa kama kiazi kingine chochote. Kiweke pakiwa na miraba minne au zaidi kati yake na zombi. Ukikipanda chini ya pua yake, umempa chakula. Kikilipuka sawasawa, jua 25 limeondoa adui na wewe umeshaongeza alizeti mbili. Hatua za usiku ni rahisi zaidi, kwa kuwa kuna uyoga mdogo wa bure kabisa, jua sifuri, unaopiga karibu. Tatizo usiku jua halidondoki, hivyo tumia uyoga wa jua wa 25: mwanzoni unatoa 15 tu, lakini ukikua unatoa 25 kama alizeti. Wanaopanda alizeti usiku wanalipa mara mbili kwa kitu kile kile.

Sasa kuhusu kuchekesha. Mchezo huu ulitoka Mei 2009, ukatengenezwa na kampuni ya PopCap chini ya George Fan, na mwaka 2012 huyo Fan alitoa mhadhara mzima kuhusu namna alivyoweza kumfanya mama yake acheze mpaka mwisho. Siri kubwa ni kwamba kichekesho ndicho mwalimu. Zombi wenye ndoo, koni na mlango wa wavu hawakuvikwa hivyo ili ucheke tu. Umbo lenyewe linakuambia ana uzito gani, na hakuna maandishi yanayohitajika. Hata asiyesoma Kifaransa wala Kiingereza ataelewa kwamba ndoo ni ngumu kuliko koni. Mzee anayesoma gazeti ni mpole mpaka ulitoboe gazeti lake, hapo anakasirika na kuanza kukimbia. Fundisho limo ndani: usimchokoze kwa mtemaji mmoja, mmalize akiwa bado anasoma. Mwenye upondo anaruka mmea wa kwanza anaokutana nao, basi mtegee kitu cha bei ndogo mbele, au mmea wa kokwa ndefu wa jua 125 ambayo upondo wake hauivuki. Mchezaji wa futiboli ya Kimarekani anakuja kama chukudu tupu, kile kigari chetu cha mbao, inayoteremka, na anahitaji njegere 80, lakini kofia yake ni ya chuma.

Na hapa ndipo ninapogombana na wengi. Uyoga wa sumaku, jua 100, unadharauliwa kwa sababu hauui mtu. Unavuta ndoo, unavuta kofia ya futiboli, unavuta mlango, ngazi, hata sururu ya yule anayechimba chini ya ardhi. Ndoo ikitoka, aliyekuwa anahitaji njegere 65 anabaki na 10. Hakuna mtemaji wa bei hiyo anayefanya kazi kama hiyo. Kasoro yake ni kwamba ukishanyakua chuma kimoja hukaa muda ukikitafuna kabla ya kuvuta kingine, kwa hiyo mmoja hautoshi wakija wengi pamoja. Tena uyoga hulala mchana. Lazima uuamshe kwa punje ya kahawa, jua 75. (Kahawa ya kuamsha uyoga: wa Kivu tungepaswa kulipwa kwa wazo hilo.)

Kosa la pili kwa ukubwa, baada ya uhaba wa alizeti, ni kuchanganya barafu na moto. Njegere ya barafu, jua 175, inapunguza mwendo wa zombi kwa nusu. Kisiki cha moto, nacho 175, kinawasha kila njegere inayopita ndani yake na kuongeza nguvu yake mara mbili. Mtu anaona viwili vizuri, anaviweka mstari mmoja, barafu nyuma na kisiki mbele. Matokeo: barafu inapita kwenye moto, inayeyuka, inatoka njegere ya kawaida. Umelipa jua 350 kupata kazi ya mmea wa 100. Mbaya zaidi, njegere za moto zinamyeyusha zombi ambaye tayari alikuwa amegandishwa. Chagua moja kwa kila mstari. Mimi nachagua moto pale ninapoweza kuweka watemaji watatu nyuma ya kisiki, na barafu pale nafasi ni ndogo, kwa sababu zombi anayetembea nusu mwendo anawapa wengine muda wa kumpiga mara mbili.

Sehemu ambayo watu wa Goma wangepaswa kuielewa kuliko wote ni paa. Juu ya paa hakuna udongo. Kila mmea unadai kwanza chungu cha jua 25, mbali na vichache vinavyowekwa mwanzoni. Aliyenunua parseli, yaani kiwanja, juu ya mawe ya volkano anajua: huoteshi lengalenga (mchicha) pale kabla hujaleta udongo kutoka mahali pengine. Ajabu, ndio hao hao wanaosahau kuingiza bei ya chungu kwenye hesabu, kisha wanaona kabichi ya 100 imekuwa 125 na wimbi limefika. Paa pia limeinama upande wa nyumba, kwa hiyo njegere zinazotemwa kutoka nyuma hugonga vigae. Acha watemaji, chukua warushaji: kabichi kwa 100, mahindi kwa 100 ambayo mara nyingine hurusha siagi na kumsimamisha zombi papo hapo, na tikiti maji la 300 ambalo kishindo chake hujeruhi na walio jirani. Ongeza jani-mwavuli la 100 katikati ya alizeti, maana huko juu kuna zombi wanaoshuka kwa kamba kuiba mimea, na jani moja linalinda miraba yote inayolizunguka. Kumbuka pia kwamba paani hakuna mashine ya kukata majani ya kukuokoa mwishoni, mpaka ununue wasafishaji wa paa dukani kwa 3,000, pesa ya mchezo isiyo jua.

Duka ni la Crazy Dave, jirani mwenye sufuria kichwani anayebwata maneno yasiyoeleweka. Wengi wanamcheka, wananunua kwake ovyo. Kwa maoni yangu, pesa ya kwanza iende kwenye nafasi ya saba ya mbegu, yaani aina moja zaidi ya mmea wa kubeba, 750. Ya nane ni 5,000. Reki ya 200 inaua zombi wa kwanza tu, iache. Alizeti pacha, 5,000, inafaa baadaye: unaipanda juu ya alizeti ya kawaida kwa jua 150 na mraba ule ule unatoa 50. Haina maana kwa mwenye nafasi tupu, ina maana kubwa kwa aliyejaza uwanja.

Upande wa mkono, yaani zile sehemu ambazo kasi ya kidole inashinda akili, wengi wanaupuuza. Jua lenyewe lazima uliguse ulichukue, na likikaa muda linapotea. Kwenye telefone yenye kioo kilichopasuka kona moja, hiyo kona ndipo utapoteza jua, basi usitegemee alizeti zilizo chini ya ufa. Mchezo mdogo wa kubiringisha kokwa ni kama biliadi: ukimgonga zombi, kokwa inadunda kwa pembe na kumgonga wa mstari wa jirani, kwa hiyo lenga walio mistari ya katikati na usipige wa pembeni isipokuwa amekaribia. Michezo ya fumbo ambamo wewe ndiye unayetuma zombi ndiyo shule bora kuliko zote. Unaanza na jua 150, unatakiwa kula ubongo wa mistari mitano, na unajifunza kwa upande wa pili ni wapi ulinzi huwa dhaifu. Zombi mdogo anagharimu 50, mwenye ndoo 125. Tafuta kwanza mstari wenye alizeti, maana zombi akiila unapata jua. Mtu aliyemaliza mafumbo hayo haachi tena mstari wa alizeti bila mlinzi.

Kuhusu toleo la pili la 2013, mjadala hauishi. Lina safari za Misri ya kale, maharamia na magharibi ya Marekani, lina chakula cha mimea kinachoupa mmea mmoja nguvu ya ghafla, na michoro imependeza. Lakini njegere ya barafu na kisiki cha moto, vitu ulivyovipata kwa jasho katika toleo la kwanza, huko viliwekwa kwa pesa halisi. Mchezo uliokufundisha kuweka akiba sasa unakushawishi ulipe. Kwa mtu anayepima mega zake za intaneti kila asubuhi, hilo si dogo. Wanaolitetea husema linaweza kumalizwa bila kulipa, na ni kweli linaweza. Mimi najibu kwamba chakula cha mimea kimeharibu hesabu: ukikosea upandaji, unabonyeza, unasamehewa.

Toleo la kwanza halisamehi hivyo, hasa anapokuja Gargantuar, lile jitu lenye nguzo. Linaponda kokwa kwa pigo moja, kwa hiyo kulijengea ukuta ni kupoteza jua. Bomu moja la cheri, jua 150, halimuui. Yanahitajika mawili, au bomu na pilipili inayochoma mstari mzima. Cheri inachukua karibu sekunde 50 kurudi, ndiyo maana pilipili ya 125 iwe mkononi pia. Akifika nusu ya uhai wake anarusha kile kizombi kidogo alichobeba mgongoni, nacho kinatua nyuma, karibu na alizeti zako. Acha mtemaji mmoja nyuma huko. Na kwa Dakta Zomboss mwenyewe, mkuu wa zombi, juu ya paa, mambo mawili tu: akitema tufe la barafu choma kwa pilipili kwenye mstari huo, akitema la moto tumia uyoga wa barafu. Ukiishika pilipili mpaka tufe litoke, badala ya kuimaliza kwa zombi wa kawaida, umeshapita pale wengi wanapokwama.