Sukuma ya kuchemshwa na kumwaga maji

Mwandishi wa makala niliyosoma kuhusu mboga na saratani anasema brokoli, kabeji na sukuma wiki zinakinga saratani, akaishia hapo, hata hakugusia mapishi. Ile salforafeni anayoisifu kwa kazi hiyo, kemikali ambayo akina Paul Talalay wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins waliitenga kutoka kwenye brokoli mwaka 1992, haimo ndani ya jani zima. Huundwa jani linapokatwa au kutafunwa, kimeng'enya (protini inayochochea mabadiliko ya kikemia) kiitwacho mirosinesi kikakutana na glukosinoleti, kemikali zilizomo ndani ya mboga hizi, na moto mwingi hukiharibu kimeng'enya hicho. Sasa njoo sokoni hapa Malindi: mama anakukatia sukuma nyembamba kama nyuzi, kazi imeshaanza palepale. Ukifika nyumbani unaiosha ikiwa imeshakatwa, unaichemsha mpaka ipoteze rangi, yale maji ya kijani unayamwaga, ndipo unakaanga na kitunguu. Glukosinoleti nyingi zimekwenda na maji, umebaki na makapi! Mimi huosha majani mazima, nakata, nayaacha kama nusu saa huku nakuna nazi, kisha motoni kidogo tu. Haradali ya kusaga, hii hii ya achari, ukiinyunyiza juu baada ya kuepua, inaleta mirosinesi nyingine. Lakini kusema zinakinga ni kuvuka mpaka, maana tafiti kwa binadamu bado zinapishana. Mwenye uvimbe aende hospitali, asingoje kabeji. Mchicha, kwa wanaouliza, si wa ukoo huu wa kabeji. Figili ni wa ukoo huu, kwa hiyo nyie wa Lamu, majani yake mnayapika au mnawatupia punda?