Aliyeketi kwenye Piano Ana Jina

Mwezi uliopita nilisimama mbele ya bango lililobandikwa kwenye ukuta wa duka moja, si mbali na Mapembeni, lililotangaza jioni ya muziki wa filimbi katika ukumbi mmoja wa hapa Mombasa. Picha ya mpiga filimbi ilikuwa imejaa nusu ya bango. Jina lake liliandikwa kwa herufi kubwa, likifuatiwa na chuo alichosomea na miji ya ng'ambo aliyowahi kucheza, na chini kabisa, chini ya bei ya tiketi na namba ya simu, palikuwa na maneno matatu: "pamoja na piano". Nililisoma bango lile tena kuanzia juu nikitafuta jina la pili, wala sikuliona.

Nilikwenda kusikiliza. Mpiga filimbi alikuwa hodari na sitamnyima sifa yake, kwa maana sauti yake ya chini ilikuwa na joto ambalo wengi hulikosa. Lakini kipande kikubwa cha jioni ile kilikuwa sonata ya mtunzi Mrusi Prokofiev ya mwaka 1943, iliyoandikwa kwa filimbi na piano, na katika sehemu ya pili, ambapo vyombo viwili hufukuzana bila kupewa nafasi ya kutua, niliyemtazama mimi ni kijana aliyeketi kwenye piano. Alikuwa ametoka Nairobi kwa treni siku ile ile, akashuka Miritini mchana, na kabla ya watu kuingia alipewa saa moja tu kuzoeana na piano ambayo hajawahi kuigusa. Sonata hiyo ilipochezwa kwa mara ya kwanza mjini Moscow, Desemba 1943, aliyepuliza filimbi ni Nikolai Kharkovsky na aliyekaa kwenye piano ni Sviatoslav Richter. Leo ulimwengu unamkumbuka Richter kuliko Kharkovsky. Nasi, miaka zaidi ya 80 baadaye, tunaichapisha jioni hiyo hiyo kama kazi ya mtu mmoja.

Nadhani neno tulilolichagua kumwita mpiga piano wa namna hii, "msindikizaji", limechangia kutupotosha. Kwetu, kumsindikiza mgeni ni kutoka naye mlangoni na kwenda naye hadi kona au kituo cha matatu, kisha ukarudi nyumbani. Safari ni yake, wewe umemtimizia adabu tu. Tukalichukua neno hilo tukamvika mpiga piano, na tangu hapo tumemwona kama mtu aliyetoka kidogo kumtoa mgeni. Mpiga piano haishii kwenye kona. Mara nyingi yeye ndiye anayeanza kabla filimbi haijatoa sauti, na ndiye anayebeba uzito mpaka noti ya mwisho. Tazama hata karatasi zao: mpiga filimbi huweka mbele yake mstari wake peke yake, ilhali karatasi ya mpiga piano imechapishwa mistari yote, ya filimbi juu na ya mikono yake miwili chini. Kati ya wawili hao, anayeuona muziki mzima ni yeye. Mwenzake akiruka kipimo, yaani kipande kifupi cha mapigo machache, kwa hofu, yeye ndiye anayelijua kosa kabla ya yeyote ukumbini, na ana muda mfupi kuliko kupepesa jicho wa kuruka naye ili sisi tusijue.

Watunzi wenyewe walilifahamu jambo hili. Bach, katika sonata yake ya filimbi ya ufunguo wa B ndogo, aliuandikia mkono wa kulia wa mpiga hapsikodi, kinanda cha nyuzi kilichotangulia piano, sauti iliyo sawa kabisa na ya filimbi, zikijibizana kama washairi wawili. Schubert mwaka 1824 aliandika maendelezo ya wimbo wake mwenyewe, yaani wimbo ule ule kwa sura mbalimbali, kwa filimbi na piano, na ukimwuliza mpiga piano yeyote aliyewahi kuyajaribu atakuambia mikono yake iliuma kiasi gani. Poulenc alipomaliza sonata yake mwaka 1957, ilizinduliwa katika tamasha la Strasbourg na mpiga filimbi Jean-Pierre Rampal, na mtunzi mwenyewe ndiye aliyeketi kwenye piano. Sidhani kama Poulenc angekubali bango la "pamoja na piano".

Na kwa kuwa nimemtaja Rampal, nisimame hapo, maana maisha yake ndiyo hoja yangu yote. Alizaliwa Marseille mwaka 1922, mtoto wa mwalimu wa filimbi, na alikuwa anasomea udaktari wakati Wajerumani waliposhika Ufaransa. Mwaka 1943, akikwepa kupelekwa Ujerumani kufanya kazi ya kulazimishwa, alijificha Paris, akaingia chuo cha muziki cha huko, na mwaka uliofuata akatoka na tuzo ya kwanza. Zama zile mpiga filimbi aliyetaka kula kwa kazi yake alitafuta kiti katika okestra na kukikalia mpaka kustaafu. Kusimama peke yake mbele ya ukumbi, usiku baada ya usiku, lilikuwa jambo la wapiga piano, wapiga fidla na waimbaji. Rampal aliubadilisha ulimwengu huo, na vitabu vinasema hivyo kwa haki.

Ila hakuubadilisha akiwa peke yake. Mara tu baada ya vita alianza kucheza na Robert Veyron-Lacroix, mpiga piano na hapsikodi aliyezaliwa mwaka ule ule wa 1922, na wawili hao walikaa pamoja kwa miaka ipatayo 35, mpaka afya ya Veyron-Lacroix ilipomlazimisha kuacha mwanzoni mwa miaka ya 1980. Hebu fikiria maana ya miaka 35. Ni ndoa iliyodumu kuliko ndoa nyingi. Walifufua muziki wa karne ya 18 uliokuwa umelala, na mwingi wa muziki huo umeandikwa kwa namna ambayo mpiga hapsikodi hupewa besi na tarakimu tu, yeye mwenyewe akajaza kilichobaki kwa akili na mikono yake. Filimbi tunayoisikia katika santuri zile imesimama juu ya uamuzi wa mtu wa pili katika kila kipimo. Majina yao yalichapishwa pamoja. Alipopumzika Veyron-Lacroix, Rampal alimpata John Steele Ritter, akaendelea.

Mpiga filimbi James Galway naye, aliyezaliwa Belfast mwaka 1939, alikiacha kiti cha mbele cha filimbi katika Berliner Philharmoniker, okestra mashuhuri ya Berlin, mwaka 1975 baada ya miaka sita ili awe mwanamuziki wa kujitegemea, na mpiga piano Phillip Moll, Mmarekani aliyefanya makazi yake Berlin, akawa naye kwa miaka mingi. Hata Emmanuel Pahud, aliyekikalia kiti kama hicho kwa mara ya kwanza mwaka 1993, anapocheza nje ya okestra anaye mpiga piano Eric Le Sage. Yaani mpiga filimbi akiamua kutoka kwenye okestra, la kwanza analolihitaji ni mtu wa kucheza naye.

Tena mpiga filimbi ana pa kurudi. Okestra kubwa ina viti viwili, vitatu au vinne vya filimbi, vichache mno kwa wanaovitafuta, lakini vipo. Mpiga piano hana kiti cha namna hiyo. Okestra humwita pale tu mtunzi alipoandika piano. Maisha yake ni masomo ya watoto, kanisa, kwaya, mitihani, na jioni kama ile ya mwezi uliopita. Ukimwondolea jina kwenye bango, umemwondolea kitu pekee kitakachomletea kazi nyingine.

Nayasema haya kwa sababu nilikuwa mmoja wa watoto waliobebwa na mtu kama huyo. Nilijifunza filimbi hapa Mombasa, na kwa mitihani ya ABRSM, bodi ya Uingereza ya mitihani ya muziki, kila mtahiniwa alikuja na mpiga piano wake mwenyewe. Wangu alikuwa mpiga kinanda wa kanisani, mkaazi wa Makupa, ambaye sote tulimwita Mwalimu, na ambaye alifika akiwa na jalada la noti kwapani na kitambaa cha kufutia mikono jasho. Siku ya mtihani wangu wa filimbi wa daraja la sita ilikuwa Februari, katikati ya kaskazi. Filimbi yangu ilikuwa imepanda kwa lile joto, nayo piano ya ukumbi ilikuwa imeteremka, kwa kuwa ubao wake wa sauti hunyonya unyevu na kuvimba wakati wa masika, kisha hewa ikikauka hunywea na nyuzi zikalegea. Filimbi unaweza kuivuta kichwa ikashuka. Piano haivutwi popote, na mwenye kuipiga hakuja nayo kutoka nyumbani.

"Shikamoo Mwalimu," nilimwambia mlangoni, sauti ikitetemeka.

"Marahaba, mwanangu. Vuta kichwa nje kidogo, zaidi ya vile ulivyozoea. Ukikosa pumzi usikimbie, mimi nitakungoja."

Na aliningoja. Katika kipande cha pili nilipumua mahali ambapo hapakuandikwa pumzi, naye akaurefusha mpito wa mkono wa kushoto kana kwamba mtunzi alikusudia hivyo. Kilikuwapo kibonyezo kimoja cha katikati kilichokuwa kikishuka kisipande tena; alikigundua katika kipimo cha nne, na toka hapo akaihamishia noti ile oktava ya juu bila kusita. Mtahini aliandika maneno mazuri juu yangu. Juu ya Mwalimu hakuandika neno, kwa kuwa karatasi haikuwa na nafasi yake.

Siku hiyo alicheza na watoto tisa. Nilimsikia mzazi mmoja kwenye ngazi akimwuliza kwa nini atozwe pesa kamili ilhali "anasindikiza tu". Mwalimu alikunja noti zake akasema atapokea chochote kilichopo, na nilimwona akipokea kiasi ambacho leo, nikijua kazi iliyokuwamo, kinanichoma moyo. Alikufa akiwa na wanafunzi wengi walioshinda mitihani. Hakuna cheti hata kimoja kinachomtaja.

Najua nitajibiwa kwamba watu hununua tiketi kwa ajili ya mpiga filimbi, na nakiri kwamba ndivyo ilivyo. Mgeni hupanda kivuko kutoka Likoni kwa sababu ya uso alioukuta kwenye picha. Najua pia kwamba sisi watu wa mwambao tumezoea kundi zima la taarabu kuitwa kwa jina la mmoja: Zein Musical Party, Zuhura na wenzake. Hilo nalo ni kweli. Lakini katika taarabu mpiga tashkota, kile chombo cha nyuzi chenye vibonyezo, hukaa mbele ya macho yetu, hutuzwa mbele ya watu, na mtaa mzima humjua kwa jina. Na kuhusu wanaosema siku hizi piano inaweza kutoka kwenye simu na kipaza sauti, nawaomba wamlete mtoto wa miaka kumi na miwili mwenye hofu, akose pumzi katikati ya kipimo, kisha tuone kama simu itamngoja.

Gerald Moore, Mwingereza aliyewachezea waimbaji wakubwa wa karne iliyopita, aliitetea hadhi ya kazi hii maisha yake yote. Alipoliaga jukwaa mwaka 1967 katika Royal Festival Hall, London, waimbaji watatu mashuhuri walikuja kuimba kwa heshima yake, na usiku ule watu walikuja kwa ajili ya aliyeketi kwenye piano. Sidai usiku wa namna hiyo. Nadai mstari mmoja kwenye bango, wenye jina la kwanza na la pili, kwa herufi zinazosomeka kutoka ng'ambo ya barabara, na malipo yanayokubaliwa kabla ya mazoezi.

Baada ya onyesho nilimsubiri yule kijana nje, nikamwuliza jina lake, nikamwambia jinsi alivyoicheza ile sehemu ya pili. Alinishukuru, akaniuliza kama najua mahali pa kula palipokuwa wazi bado, maana hakuwa amekula tangu asubuhi.

Juzi nimeona bango jingine, karibu na lile la kwanza. Mpiga filimbi ni mwingine, na tarehe ni wiki tatu kutoka sasa. Nilipiga namba iliyoandikwa chini, nikamwuliza kwa adabu dada aliyepokea ni nani atakayekuwa kwenye piano. Akaniambia bado hajapatikana, lakini nisiwe na wasiwasi, onyesho lipo.