Sehemu ya kwanza haipotezi muda

Eti mwandishi mmoja anadai sehemu ya kwanza ya Grey Gardens, ule mchezo wa jukwaani wa nyimbo kuhusu mama na bintiye, ile ya mwaka 1941, ingekatwa tu kwa sababu watu wanakuja kuona paka na jumba lililooza! Sikubali. Bila ile sherehe ya uchumba, piano, na mama anayeng'ang'ania kuwaimbia wageni wa bintiye, mama na binti walewale wa sehemu ya pili, ya mwaka 1973, wangebaki kichekesho: bibi kizee anachemsha mahindi kando ya kitanda, na binti wa miaka hamsini na ushei kajifunga sweta kichwani, kaibana kwa bruchi. Halafu mwandishi huyo kasahau jambo zito. Broadway, kwenye kumbi kubwa za maigizo za New York, mwaka 2006, mwigizaji Christine Ebersole aliigiza mama kabla ya mapumziko, kisha akarudi akiigiza binti. Sura ileile! Tuzo ya Tony ya 2007, ile ya maigizo ya Broadway, aliishinda kwa haki, hakuiokota. Ninachomkubalia mwandishi ni kwamba ule uchumba wa binti na Joseph Kennedy, kaka yake John Kennedy aliyekuja kuwa rais wa Marekani, umetiwa chumvi nyingi. Nyie mlioanza na filamu ya 1975 ya ndugu wawili wa Maysles, iliyowaonyesha mama na binti wenyewe, mlimwonea huruma nani zaidi, mama au binti?